Kapteri ya hewa shimoni: fishi njo inaamua

Leo tunaongea juu ya kitu kidogo kuliko ukucha. Ni fishi, kile kichwa cha plastiki kinachounga waya za kapteri na karte yake. Kapteri yenyewe ni kifaa kidogo kinachopima kitu na kukigeuza kuwa umeme: joto, kimo cha maji, hewa mbaya. Kijana anayejua kufungua redio na simu anaweza leo kuchukua kapteri ya gesi, karte ya Arduino au ESP32, king'ora kidogo na betri, akajenga mashine ya kuonya watu walio shimoni.

Vijana wakianza kazi hiyo, swali lao la kwanza ni: kapteri gani ni nzuri? Swali la fishi linakujaga mwisho, wakati pesa imekwisha na kilichobaki ni kusokota waya kwa mkono na kuzifunga na skochi. Sisi tunaona swali la fishi linapaswa kuja mwanzoni. Fishi ikilegea, mashine inanyamaza, na kimya chake kinafanana kabisa na kimya cha hewa nzuri. Mtu anashuka akiamini amelindwa, kumbe hakuna anayemlinda.

Gesi isiyo na harufu

Wachimba dhahabu wengi wanajua mtihani wa mshumaa. Unateremsha moto, ukizimika, hamna hewa, hakuna kushuka. Mtihani huo una ukweli wake. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na moto wa mshumaa huzimika oksijeni ikishuka karibu na asilimia 16 au 17. Lakini mshumaa hauoni monoksidi ya kaboni, ile gesi inayotoka kwenye bomba la moshi la motere. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinamlegeza mtu. Kichwa kinauma, miguu inakuwa mizito, usingizi unakuja. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inahesabu sehemu 1200 za gesi hiyo katika milioni moja za hewa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Hiyo ni kama asilimia 0,12 tu, na mshumaa utaendelea kuwaka vizuri mbele ya maiti.

Kwa nini motere inashushwa shimoni wakati kila mtu anajua moshi ni mbaya? Kwa sababu ya maji. Pompi iliyo juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka chini kabisa. Hewa inayotuzunguka ndiyo inayosukuma maji yapande ndani ya mpira, na nguvu yake inaishia kwenye mita 10 hivi. Katika kazi ya kweli ni mita 7 au 8. Shimo likipita hapo, wengine wanateremsha motopompi yenyewe, pamoja na moshi wake.

Dawa ya kwanza si kapteri. Ni kuacha motere juu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mdomo wa shimo, na kuteremsha pompi ya umeme inayozama majini, ikilishwa na jenereta iliyobaki juu. Tunalisema hili mapema ili mtu asifikiri kwamba kifaa cha mezani kinampa ruhusa ya kuwasha motere chini.

Ndege hakuwa na waya

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1896 kulitokea mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales. Daktari John Scott Haldane alichunguza maiti, akaona kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na monoksidi ya kaboni iliyofuata. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji wabebe wanyama wadogo wenye kupumua haraka. Ndivyo ndege wadogo wa njano, kanari, walivyoingia migodini. Ndege akilegea kwenye kitundu, watu wanatoka mbio. Uingereza ilitangaza kuwaondoa mwaka 1986, vifaa vya umeme vikachukua nafasi yao.

Kifaa cha umeme kinapima vizuri kuliko ndege na hakihitaji kulishwa mtama. Ila kanari alikuwa na sifa moja ambayo mashine nyingi hazina: akiharibika, munaona. Ndege aliyekufa, hata kama amekufa kwa ugonjwa wake, anawatoa watu shimoni. Mashine iliyokatika waya inabaki imekaa pale, taa yake ya kijani inawaka, haisemi kitu.

Wahandisi wa viwanda walijibu shida hiyo kwa njia rahisi. Kapteri nyingi za viwandani zinatuma habari kwa umeme wa miliampere 4 hadi 20. Sifuri ya kipimo haikuwekwa kwenye sifuri ya umeme, iliwekwa kwenye 4. Hewa ikiwa safi, waya unabeba 4. Waya ukikatika au fishi ikichomoka, unabeba 0, na mashine inajua mara moja kwamba hiyo si hewa safi, ni waya uliokatika.

Fundi wa Baraka anaweza kufanya vilevile kwa rezistansi moja. Chukueni kapteri ya aina ya MQ-7, ambayo mara nyingi inauzwa kwenye karte ndogo yenye pini 4: umeme, masi na sinyali 2. Kwenye hewa safi haitoi sifuri kamili, inatoa volti kidogo, na gesi ikija volti inapanda. Wekeni rezistansi ya kilo-ohm 100 kati ya waya wa sinyali na masi, upande wa karte kubwa, si upande wa kapteri. Fishi ikichomoka, ile rezistansi inavuta sinyali hadi sifuri. Bila hiyo rezistansi, waya unabaki ukielea na karte inasoma namba za bahati nasibu. Kisha andikeni kwenye programu: namba ikishuka chini ya nusu ya ile ya hewa safi, king'ora kilie kama vile gesi imekuja. Kwa ESP32, kumbukeni kwamba karte hiyo inapokea volti 3,3 tu, wakati MQ-7 inaweza kutoa hadi 5. Punguzeni volti kwanza, la sivyo karte inaungua.

Kapteri ya kimo cha maji inafuata sheria hiyohiyo. Kama ni kile kiboya kinachofungua na kufunga umeme, chagueni kile ambacho umeme unapita wakati mambo ni mazuri. Maji yakipanda, kinakata. Waya ukiliwa na panya, kinakata pia. King'ora kinalia mara zote mbili.

Hesabu pini, pima nafasi

Sasa tuje kwenye fishi yenyewe. Mtu akienda dukani kusema "nipe fishi ya kapteri", atapewa yoyote. Kuna mambo matatu ya kujua kabla ya kutoa pesa: idadi ya pini, nafasi kati ya pini, na kama fishi ina kishikio kinachoizuia isichomoke.

Nafasi inapimwa kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Kwa rula ya shule huwezi kuipima vizuri pini kwa pini. Pimeni kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho, halafu gawanyeni kwa idadi ya pini ukitoa moja. Fishi ya pini 4 ikipima milimetre 3, nafasi yake ni 1. Ikipima 6, nafasi ni 2. Ikipima 7 na nusu hivi, ni 2,5 au 2,54.

Zile nyeusi za pini moja moja ambazo mafundi wanaziita Dupont zina nafasi ya 2,54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Ni nzuri kwa kujaribu mezani. Hazina kishikio, na pompi ikitetemeka zinatoka zenyewe. Zile nyeupe za familia ya JST XH, kutoka kampuni ya Japani, zina 2,5. Tofauti ya 0,04 inaonekana si kitu, na kweli kwenye pini 2 au 3 zinaingiliana. Kwenye pini 10 tofauti inafika milimetre 0,36: pini za pembeni zinapinda, zinagusa leo na kuachia kesho. Fishi ya namna hiyo njo mbaya kuliko zote, kwa sababu inapita mtihani wa dukani.

JST PH ina nafasi ya 2. Zile za Grove nazo ni za 2, pini 4, zinafanana na PH kwa macho lakini kishikio chake ni chake, musizichanganye. Ndogo kabisa ni JST SH yenye nafasi ya 1, inayotumika kwenye kapteri za Qwiic na STEMMA QT. Hizi ni raha mezani: unachomeka bila kuchoma risasi. Ila zimetengenezwa kwa waya mfupi. Lugha yao ya umeme, I2C, haikuundwa kwa kusafiri mita 20 hadi chini ya shimo. Kwa umbali huo tumieni miliampere 4 hadi 20, au njia ya RS-485.

Kuna mtego mwingine: rangi. Qwiic ina nyeusi kwa masi, nyekundu kwa volti 3,3, bluu na njano kwa habari. Grove ina njano na nyeupe kwa habari, nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa masi, na mpangilio wa pini si uleule. Kwenye betri ndogo za litiamu zenye fishi ya JST PH, wauzaji hawakukubaliana hata juu ya upande wa nyekundu. Betri ya muuzaji mmoja inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye karte ya mwingine, na kuichoma palepale. Kwa hiyo pimeni kwa multimetre kabla ya kuchomeka, hata kama rangi zinafanana.

Dhahabu kwa dhahabu

Wachimbaji wetu watafurahi kujua kwamba kazi ya mikono yao iko ndani ya mambo haya. Viwanda vya teknolojia duniani vinatumia karibu tani 300 za dhahabu kwa mwaka, na sehemu kubwa inaenda kwenye vifaa vya elektroniki, fishi zikiwemo. Dhahabu inapakwa kwenye pini kwa sababu haishiki kutu. Tabaka lake ni jembamba sana: kwenye fishi nzuri ni kama sehemu tatu za nne za mikroni, wakati unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Na kwa kuwa dhahabu tupu ni laini, viwanda vinaichanganya na kobalti au nikeli kidogo ili isikwanguke. Fishi za bei nafuu zinapakwa bati, lile linalotoka kwenye kasiterite, jiwe ambalo Kivu inalijua vizuri.

Hapa kuna sheria moja ya kushika: pini ya dhahabu iende kwenye tundu la dhahabu, na ya bati kwa ya bati. Mukizichanganya, mtetemo mdogo wa kila siku unakwangua bati, kutu inahamia juu ya dhahabu, na sinyali inaanza kukatikakatika. Pale shimoni, penye maji na vumbi na motere inayotetemesha kila kitu, hilo halichukui muda mrefu.

Fishi ya pikipiki

Fishi za viwandani zinazofaa shimoni ziko. Zinaitwa M8 na M12, zinafungwa kwa kuzungusha kama kofia ya chupa, na nyingi zina alama ya IP67: vumbi haliingii, na zinavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30. Ila kuzipata Baraka si rahisi. Mzigo unapitia Uvira kwa barabara, au Kigoma na Kalemie kwa mtumbwi na meli. Barabara ikifungwa au ziwa likichafuka, munangoja.

Lakini kuko fishi nzuri ambayo inapita mbele yetu kila siku. Angalieni pikipiki. Waya zake zinapigwa na matope, mvua na mashimo ya barabara mwaka mzima, na taa bado inawaka. Fishi zake nyingine zina mpira mdogo wa rangi unaobana kila waya, na kishikio kinacholia "ka!" kikifunga. Hizo zilitengenezwa kwa mtetemo na maji. Anayeuza vipuri vya pikipiki ana fishi bora kwa shimo kuliko anayeuza vipuri vya simu. Kateni kichwa cha kapteri kilichokuja nacho, wekeni fishi ya pikipiki ya pini 3 au 4, dume upande mmoja na jike upande wa pili.

Wakati wa kuziweka, musichome risasi tu mkaiacha. Risasi inafanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na pale panapoishia ugumu ndipo unavunjika kwa mtetemo. Pini ibanwe kwa koleo lake, kisha waya ufungwe kwenye ubao au bomba karibu na fishi ili uzito usivute pini. Acheni waya uning'inie kidogo chini ya fishi kabla ya kupanda kuingia ndani yake: maji yanayotiririka juu ya waya yatadondoka pale chini, hayataingia kwenye pini. Fishi ya vikoileo vya masikioni, ile ya duara, musiitumie kupeleka umeme. Ukiichomeka, ncha yake inagusanisha waya kwa kitambo kidogo, na betri inapiga moto.

Kama lazima muagize kutoka mbali, musitume jina tu. Tumeni picha ya fishi ikiwa imelala juu ya rula, idadi ya pini, upande wenye kishikio, na useme kama unataka dume au jike. Agizeni jozi, pamoja na pini za ziada. Pini 2 au 3 zinaharibika katika kujifunza kubana. Hiyo ni kawaida.

Mpaka wa kifaa hiki

Mashine ya mezani haichukui nafasi ya kipimo halisi cha gesi nne, kile kinachosoma oksijeni, monoksidi ya kaboni, gesi ya mayai yaliyooza na gesi zinazowaka. Kipimo hicho kinajaribiwa kwa gesi inayojulikana, na koperative moja inaweza kukinunua kwa pamoja na kukiweka chini ya mtu mmoja. Waulizeni pia mawakala wa SAEMAPE, kwa kuwa kazi yao ni kuwaongoza wachimbaji wadogo. MQ-7 inahitaji kuwashwa zaidi ya saa 48 kabla ya kuaminiwa mara ya kwanza. Tena imetengenezwa kupashwa moto kwa zamu, sekunde 60 kwa nguvu na 90 polepole, na karte nyingi za bei nafuu hazifanyi hiyo zamu. Unyevu nao unaipotosha. Ichukueni kama mbwa wa mlango: akibweka, tokeni. Asipobweka, sheria zingine zote zinabaki palepale.

Na nyinyi munaobaki juu, kina mama munaotwanga mawe, ndugu munaovuta kamba, hiki king'ora ni chenu pia. Kiwekwe kimoja chini na kingine mdomoni mwa shimo. Kikilia na mtu wa chini hajibu, asishuke mtu kumfuata bila hewa yake. Moyo unamwambia mtu aruke amwokoe kaka yake, na gesi iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha wa pili. Zimeni motere, pelekeni hewa chini, vuteni kamba. Ndiyo maana kila anayeshuka awe amefungwa kamba tangu juu.

Mtihani wa kila asubuhi ni huu, na hauombi pesa. Kabla ya mtu wa kwanza kushuka, mmoja achomoe fishi ya kapteri mbele ya wote. King'ora kisipolia, mashine hiyo ni sanduku tu, na siku hiyo hamna anayeitegemea. Kikilia, rudisheni fishi mpaka kishikio kiseme "ka!", ngojeni kinyamaze. Mtihani huu unapima waya, haupimi gesi. Lakini sasa munajua kwamba kikinyamaza, hakijanyamaza kwa sababu waya umekatika.